Gunia Bichi Juu ya Betri

Jumapili, Septemba 1998. Voi. Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani Kimilili.

Upepo umevuma kutwa nzima. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye unga. Nimekung'uta blanketi mara mbili na bado nikikaa kitandani nasikia mchanga ukisagika chini yangu. Kilima cha Sagalla hakionekani leo. Kichwa kinaniuma, na sidhani ni vumbi.

Nimetoka kumwona Mwakio hospitalini.

Naandika haya kwa sababu hapa kambini kwa wafanyakazi hakuna wa kumwambia. Kila mtu anayajua, na kila mtu amechoka kuyasikia. Elimu yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nitayaandika tu jinsi yalivyotokea.

Shamba letu ni la mkonge. Nilipofika niliwekwa kukata majani. Mgongo ulipokataa nikahamishiwa bohari, pale katani iliyokauka inapofungwa marobota na kupangwa kungoja lori. Katani kavu inashika moto kuliko nyasi. Cheche moja tu na bohari lote limekwenda. Ndiyo maana meneja aliiondoa ile foklifti ya dizeli, gari la kunyanyulia marobota, iliyokuwa inatema moto kwenye ekzosi, akaleta ya umeme, iliyokwisha kutumika mahali pengine. Siku aliyoileta alitukusanya akatuambia kwamba hii haina moshi wala moto, sasa tutalala usingizi.

Haina hata sauti. Inakuja nyuma yako kimya, ukigeuka iko mgongoni. Tukaiita Bubu, na tangu hapo tunamsema kama mtu. Bubu amechoka. Bubu ameshiba. Bubu leo ana hasira.

Bubu anaishi kwa betri. Si betri kama ya gari. Ni sanduku la chuma ambalo watu wanne hawalinyanyui, na ndani yake kuna vyumba vingi vyenye maji ya asidi. Kazi ikiisha anaegeshwa kwenye kona, anachomekwa kwenye chaja iliyo ukutani, na asubuhi anachomolewa. Anapochajiwa yale maji yanatokota, betri inapata joto, na inatoka harufu inayokwaruza koo.

Mwendeshaji wake alikuwa Mwakio.

Mwakio ni Mtaita wa Wusi, kule juu kwenye baridi na kabichi. Ndiye mtu wa kwanza aliyenisalimia nilipofika hapa na begi langu. Aliniuliza kama nimebeba kuku, kwa sababu alisikia Mluhya hasafiri bila kuku. Nikamwambia nimesikia kwao mashamba yamesimama wima hivi kwamba ng'ombe hufungwa kwenye jiwe asianguke kwa jirani. Tukacheka, na tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mimi nikiwa huku. Habari zilipofika ni Mwakio aliyenunua soda, akasema huyo mtoto sasa ni wa Wusi pia. Sijamwona mtoto huyo mpaka leo.

Sasa niseme habari ya gunia.

Kiwandani kwetu, kitu chochote kikipata moto kinafunikwa gunia bichi. Sijui nani alianza. Beringi za korona, ile mashine inayochuna majani, zikipata moto zinawekewa gunia lililochovywa maji na kazi inaendelea. Mtungi wa kunywa unavishwa gunia. Nyapara wetu, Kilonzo, soda yake huilaza ndani ya gunia. Hata mtu akishikwa na homa, wenzake humwekea gunia bichi kifuani. Kwa hiyo Bubu alipoanza kupata joto, tulifanya tulichozoea. Kila alipochomekwa, alifunikwa.

Na ilisaidia, au tuliona hivyo. Harufu ilipungua. Akina mama wanaosafisha katani kwenye mashine ya brashi mle mle bohari wakaacha kukohoa. Tukajisifu kwamba tumemtibu Bubu.

Madirisha yote ya bohari hufungwa, maana upepo wa hapa ukiingia unarusha makapi ya katani kila mahali. Swichi ya chaja iko ukutani, na mbele ya swichi tulipanga marobota, kwa sababu nafasi haitoshi. Ili uizime lazima upande juu ya marobota ukashuke upande wa pili. Hakuna aliyekuwa anapanda. Mwakio alikuwa anachomoa tu plagi pale kwenye betri, umeme ukiwa bado unakwenda. Inatoa mlio mdogo, tak, na cheche ya bluu. Alifanya hivyo miezi mingi.

Siku ya ajali, asubuhi, nilikuwa nafungua kufuli la mlango wa pili. Mwakio alikuwa ameingia akiimba. Nikasikia tak, halafu nikasikia mlio kama wa gurudumu la lori likipasuka.

Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti, mikono usoni. Gunia lilikuwa limerushwa mpaka juu ya marobota. Alikuwa anasema, "Nioshe, Wekesa, nioshe, nioshe."

Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili.

Maji yalikuwapo. Mfereji wa korona unapita hatua chache tu kutoka bohari. Lakini maji yale yamejaa utomvu wa mkonge, yakikugusa ngozi unajikuna mpaka utoke damu, na kila mfanyakazi hapa siku ya kwanza huambiwa asiyaguse usoni. Mtu akapaza sauti kwamba dawa ya sumu ni maziwa. Wote tukakubali, maana kwetu pia, na kwa Wakamba pia, na kwa kila mtu, mtu akinywa sumu anapewa maziwa. Kilonzo mwenyewe alikimbia kantini. Kantini ilikuwa imefungwa. Akamtafuta mwenye funguo. Mimi nilimshika Mwakio kichwa, nikimwambia yanakuja, yanakuja.

Yalikuja. Tukammiminia pakiti baada ya pakiti. Akanyamaza kidogo, tukadhani amepata nafuu.

Baada ya siku chache wakamleta fundi kutoka Mombasa, Fundi Athumani, mzee mfupi mwenye kofia nyeupe na maneno makali. Alizunguka betri mara moja tu, akaokota lile gunia kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya.

"Mwaifunika hii?" akauliza.

"Inapata joto," Kilonzo akasema.

"Yapumua, bwana! Ikichajiwa yatoa hewa ishikayo moto kuliko gesi ya jikoni. Nyinyi mwaikusanya chini ya gunia, mwafunga na madirisha, kisha mwaiwashia cheche. Mwataka kuruka kwenda Makka bila nauli?"

Hakuna aliyecheka. Akatueleza kwamba harufu ilipungua kwa sababu hewa ilibaki pale pale chini, ikitungoja. Akasema betri iachwe wazi, madirisha yafunguliwe, swichi izimwe kwanza ndipo plagi ichomolewe. Akasema chaja ingefaa kuhamishwa kabisa kutoka humu, iwekwe kibanda chake nje.

Kisha akauliza tulimfanyia nini majeruhi. Tulipomwambia maziwa, alivua kofia akaishika mkononi.

"Maji," akasema. "Hata hayo ya mferejini. Yangemuwasha, lakini angeona."

Kilonzo alitoka nje. Sikumfuata.

Fundi alibadilisha vyumba vilivyopasuka, na wakati wa chai akawa mpole. Alituambia kuna gazeti la mafundi alilolisoma Mombasa. Wataalamu wa ng'ambo wamegundua betri nyingine, ndani yake kuna madini mepesi yanayoitwa lithiamu, pamoja na chuma na fosfeti, fosfeti ile ile tunayoijua kwenye mbolea. Haina asidi ya kutokota. Ikichajiwa vizuri haitoi hewa ya kulipuka. Hata ikipata joto sana haishiki moto upesi kama betri nyingine za lithiamu. Wanasema huenda siku moja itaendesha magari. Bado wanaijaribu kwenye vyumba vyao vya utafiti.

"Chuma?" Kilonzo akasema. "Si hapa jirani Kishushe kumejaa? Watu wanapima mawe huko kila siku. Waambie hao wazungu waje, tutawabebea."

"Itafika huku lini?" mimi nikauliza.

Fundi alinitazama, akamtazama na Bubu. "Una watoto?"

"Watatu."

"Basi labda wao."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Chuma kiko hapa. Mbolea iko dukani. Betri isiyochoma macho ya mtu imekwisha kugunduliwa mahali fulani, watu wanaijua, wameiandika, na siku hiyo hiyo Mwakio amelazwa hospitalini. Sijui nifanye nini na habari kama hiyo. Afadhali nisingeisikia.

Jumatano iliyopita Kilonzo alinijia nikiwa nafua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza mbali, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akasema, "Mluhya, kesho unaingia kwa Bubu."

Nikamwambia siwezi.

"Unaweza. Umemwona Mwakio akifanya kila siku."

"Nimemwona pia akiwa amepiga magoti."

Kilonzo si mtu mbaya. Ana watoto, ana mama mgonjwa Kibwezi, na meneja anamsukuma kama yeye anavyotusukuma. Akasema malori hayawezi kungoja, na kwamba pale getini kuna vijana wanaolala wakingoja jina la mtu lifutwe. Hakusema ni jina la nani. Mgongo wangu hauwezi tena kukata mkonge, naye anajua.

Nikaingia Alhamisi.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kama fundi alivyosema. Madirisha wazi, betri wazi. Nilipanda marobota nikazima swichi, nikashuka, nikachomoa. Lakini harufu ilirudi na akina mama wa brashi wakaanza kukohoa na kunilaumu. Upepo nao ukaingia kwa nguvu, ukabeba makapi ya katani mpaka juu ya chaja, yakawa yanarundikana pale penye joto kama pamba. Nikayapangusa, yakarudi. Nikaona mwenyewe kwamba ukifunga madirisha unakusanya hewa, na ukiyafungua unakusanya kuni.

Ombi la kibanda cha nje limepelekwa Nairobi. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

Jana Jumamosi Kilonzo alikuja na meneja. Meneja aliangalia makapi juu ya chaja, akasema madirisha yafungwe. Baada ya yeye kuondoka, Kilonzo alichukua gunia, akalichovya kwenye ndoo, akalilaza juu ya betri. Nilimwangalia. Alilinyoosha kwenye pembe taratibu kama mtu anayemfunika mtoto.

"Ni kwa ajili ya harufu tu," akasema, bila kuniangalia.

Basi leo nikaenda Voi mjini. Lori la kuni lilinichukua mpaka njia panda, nikamalizia kwa miguu kando ya reli. Sikuwa na shati jingine safi ila lile ninalofanyia kazi, nikalivaa hilo. Nilikuwa nimelifua vizuri. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mghoi, mkewe Mwakio, alinikuta kwenye ukumbi kabla sijaingia wodini. Ameteremka kutoka Wusi tangu siku ya ajali, analala kwa ndugu yake mjini. Alinivuta pembeni.

"Shemeji, daktari ameniambia. Jicho moja limekwisha. La pili litaona mwanga tu, kama mtu anayeangalia ndani ya maziwa."

Sijui kama alisikia alichosema. Mimi nilisikia.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Usimwambie. Acha kwanza ale, apate nguvu."

Tukaingia. Mwakio alikuwa amekaa, bandeji imezunguka kichwa chote, mdomo tu na pua vinaonekana. Kabla sijasema neno alicheka.

"Huyo anayetembea kama amevaa viatu vya kuazima ni Wekesa. Umeniletea kuku?"

"Kuku alikataa kupanda lori la kuni. Alisema ana heshima zake."

"Basi kula kimanga na sisi. Mghoi amekipika mwenyewe, kina maharage kuliko mihogo."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Tukaongea habari za mpira, za mvua iliyokataa, za jirani yake wa Wusi ambaye usiku amehamisha tena mpaka wa shamba. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo akauliza.

"Bubu yuko na nani?"

"Amesimama tu," nikasema. "Anakungoja wewe."

Akaitikia kwa kichwa, akafurahi. Akanyoosha mkono kunishika bega kama anavyonishika siku zote, na mkono ukateremka kwenye mkono wa shati. Nikaona vidole vyake vikisimama. Vilipata tundu moja, vikatafuta, vikapata jingine, halafu matatu yaliyo karibu karibu, madogo kama ya sindano, yale yanayoachwa na matone ya asidi, na ambayo huyaoni mpaka ufue.

Mghoi alishusha kijiko alichokuwa anamlishia.

"Wekesa," Mwakio akasema polepole. "Mimi nimevaa shati kama hili mwaka mzima. Hili ni shati la mtu wa betri."

Nilivuta mkono, hakuniachia.

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na gunia?"

"Tuliliondoa."

"Ndugu yangu, mimi uso wako siuoni. Siwezi kujua kama unanidanganya. Kwa hiyo usinifanyie hivyo."

"Tuliliondoa," nikasema. "Jana limerudi."

Hakukasirika. Nilitamani angekasirika. Aliniambia nisikilize. Akasema kila asubuhi nipande marobota hata kama kila mtu ananicheka, nizime swichi kwanza. Gunia nilitoe mimi mwenyewe kabla ya kugusa plagi, nifungue mlango, nitoke nje, nikae, nivute pumzi, ndipo nirudi. Wakati wa kuchomoa uso niugeuze ukutani. Na kando yangu niwe na mtungi wa maji safi, umejaa, bila kifuniko.

"Maji," akasema. "Si maziwa. Umesikia?"

Nikajua kwamba kuna mtu amekwisha kumwambia, au amejiambia mwenyewe akiwa amelala pale.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye shati langu. Halafu akasema, "Sasa niambie na lile lingine. Lile ambalo Mghoi hataki kuniambia."

Mghoi alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na alikuwa anatikisa kichwa, usiseme, usiseme.

Sikusema. Nilinyamaza, na nilipoona kimya kimekuwa kirefu nilijaribu kukohoa, nikijua kimya chenyewe kimekwisha kusema.

"Haya," Mwakio akasema.

Akageuza uso upande wa mkewe, akafungua mdomo apewe kimanga.

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nimechelewa kula na sina njaa. Mtungi nimeshaupata, ni jerikeni ya mafuta ya kupikia niliyoikata juu. Nimeisugua kwa majivu, nimeijaza maji ya bomba. Iko hapa mlangoni. Kesho nitaibeba, na watacheka, Mluhya anahamia bohari na ndoo yake ya kuoga.

Nikilitoa gunia Kilonzo atalirudisha. Nikifungua madirisha meneja atayafunga. Nikikataa kabisa, kuna kijana amelala pale getini ambaye hajui habari za swichi, na huyo hatapanda marobota. Nimejaribu kuangalia jambo hili kutoka kila upande na sioni upande wenye mlango.

Kwa hiyo nitaenda.

Mke wangu Nafula ataniuliza tena kwa mtu atakayepita huku, narudi lini. Natarajia kurudi Desemba, kiwanda kikifunga kwa Krismasi. Nataka kumwona huyu mtoto. Nataka kumwona hasa, nijue amefanana na nani, si kupapasa uso wake kwa vidole huku watu wakinieleza.

Mwaka jana pia niliandika Desemba. Lakini mwaka jana nilichokuwa nahofia ni nauli tu.